Rivyu: darasa la mazoezi la Kocha wa Buntwani, Malindi, hapa unalipia ratiba kwanza jasho baadaye

Watu wengi mmeniuliza inboksi kuhusu lile darasa la mazoezi la kule Buntwani, eti ni kweli mtu analipa halafu siku ya kwanza hafanyi zoezi hata moja, anakaa kwenye kiti cha plastiki anaandika? Ni kweli. Na hicho kikao cha kuandika ndo kitu kizuri kuliko vyote pale, manake mazoezi yenyewe ni ya kawaida tu ambayo ungeyapata popote, lakini hiki cha kukaa na mtu akakupangia saa zako mpaka mazoezi yakapata mahali pa kukaa sijakiona gym nyingine yoyote hapa mjini.

Tuanze na mahali. Ni ukumbi mdogo wa bati, sakafu ya simiti, kuna mikeka, kamba za kuruka, dumbeli chache, tairi mbili za lori na spika moja. Mashine za kukimbilia hakuna, vioo hakuna, AC hakuna ila upepo wa bahari unaingia vizuri hasa msimu wa kusi. Mwalimu wetu wote twamwita Kocha, jina lake siliweki hapa, wenyeji mnamjua. Mwezi ni elfu mbili na mia tano, na kikao cha ratiba ni mia tano mara moja tu ukijiunga, unatuma kwa M-Pesa. Mazoezi ya pamoja yapo asubuhi, saa nne na jioni, na Jumapili kuna matembezi ufukweni ambayo yako ndani ya ile ile bei.

Sasa kikao chenyewe. Anakupa karatasi ya manila imepigwa mistari, siku saba juu, masaa pembeni, kila kisanduku ni nusu saa, kuanzia saa tisa ya usiku kwa wale wanaoamka mapema mpaka saa sita ya usiku unaofuata. Halafu anakuuliza wiki iliyopita ilivyokwenda. Wiki unayoitamani hataki kuisikia, anataka ile iliyopita, jana ulifanya nini, juzi je, Ijumaa ulitoka saa ngapi. Ana penseli mbili, nyekundu na kijani. Nyekundu ni vitu visivyosogea, yaani kazi, swala, kupeleka mtoto shule, dawa za mgonjwa nyumbani. Kijani ni vitu ambavyo lazima vifanyike lakini saa yake inaweza kubadilika, kufua, soko, kusukwa nywele, kutembelea watu, kukaa na simu. Mkimaliza unaiangalia ile karatasi na kusema kweli unaiona wiki yako kwa mara ya kwanza, manake kichwani mtu ana ile hisia tu ya kwamba siku imejaa, hajui imejaa nini.

Mwenzangu wa siku ile alikuwa mama mmoja anauza mahamri na mbaazi upande wa Maweni, ameniruhusu nieleze yake bila kumtaja. Alikuja kwa sababu daktari alimwambia presha iko juu atembee, na yeye akasema atatembea saa ngapi na yeye yuko jikoni tangu usiku. Kocha akaanza naye taratibu.

"Mamangu, waamka saa ngapi?"

"Saa tisa. Nikande, niumue, nichome. Saa kumi na mbili wateja washafika."

"Yanaisha saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Siku ngumu saa tatu."

"Baadaye?"

"Naosha vyombo, nakwenda sokoni kununua unga na nazi, narudi napika cha mchana."

"Sokoni kila siku? Unga si hauharibiki mamangu, huwezi kununua wa siku tatu?"

Mama akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, unga hauharibiki, pesa ya siku tatu kwa mpigo ndiyo sina. Nauza leo nanunua leo."

Hapo ndo nilimkubali Kocha. Hakubishana, hakuanza kumfundisha biashara, alichukua penseli nyekundu akapaka soko lote, siku sita, akasema basi soko halisogei. Halafu akauliza anakwendaje. Kumbe anakwenda na tuktuk na kurudi na tuktuk. Wakapiga hesabu, kwa miguu ya haraka kutoka kwake mpaka sokoni ni kama dakika ishirini, kwenda ana kikapu kitupu, kurudi ndo ana mzigo. Wakakubaliana kwenda kwa miguu, kurudi na tuktuk. Dakika ishirini mara siku sita ni mia na ishirini, na akaongeza darasa moja la dakika arobaini na tano siku ambayo bintiye anamsaidia kupika, jumla mia na sitini na tano. Hakuna saa mpya iliyoongezwa kwenye siku ya yule mama isipokuwa hicho kipindi kimoja, na nauli ya kwenda inabaki mfukoni mwake.

Nimeitaja hesabu hiyo kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020, mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito kama kukimbia, na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Kocha ameyaandika haya ukutani kwa rangi. Chini yake akaandika wiki moja ina masaa 168, ambayo ni dakika 10,080. Ukigawanya, zile 150 hazifiki hata mbili kwa mia ya wiki. Na kuna jambo jingine kwenye ule mwongozo wa 2020 ambalo watu wengi hawajalisikia, ule wa kabla yake wa 2010 ulikuwa unasema mazoezi yahesabiwe yakifika dakika kumi mfululizo, huu mpya umeiondoa hiyo sharti. Yaani dakika tano za kupanda ngazi zinaingia kwenye hesabu, dakika saba za kutembea kwa haraka kutoka stendi zinaingia. Kwa mtu anayelea watoto na kufanya kazi hii ni habari kubwa sana, manake kinachotushinda wengi wetu ni kupata saa nzima kwa pamoja, vipande vipande vipo tele.

Mimi nafanya hoteli upande wa Casuarina, mapokezi, na mushkili wangu ulikuwa tofauti na wa yule mama. Kazi yangu ni ya shifti, wiki hii naingia saa moja asubuhi natoka saa tisa, wiki ijayo naingia saa nane mchana natoka saa nne usiku, halafu kuna usiku. Sasa mtu wa shifti ukimwambia "fanya mazoezi kila siku saa kumi na mbili asubuhi" umempa ushauri utakaomfaa wiki moja tu. Kocha alinitengenezea karatasi tatu, moja kwa kila shifti. Shifti ya asubuhi mazoezi yangu ni saa kumi jioni, nikitoka kazini napitia ukumbini moja kwa moja kabla sijaingia nyumbani, shifti ya mchana nafanya asubuhi na mapema, na shifti ya usiku nafanya kabla ya kuingia, sio baada ya kutoka, manake ukitoka usiku mwili unataka kulala na hiyo ni haki yake. Ratiba ya kazini inabandikwa Jumamosi, basi Jumamosi jioni nakaa dakika kumi natoa ile karatasi inayohusika, naangalia kuna harusi, kuna mkutano wa shule, kuna nini, nasogeza vya kijani, nimemaliza. Hizo dakika kumi za Jumamosi nazithamini kuliko zoezi lolote la wiki, zikipita bila kukaa wiki nzima inakwenda ovyo.

Na mazoezi yanaandikwa kwa nyekundu. Anasisitiza sana hilo, ukishachagua kisanduku chako unakipaka nyekundu kama kazi na kama kupeleka mtoto shule, kwa hiyo mtu akikupigia "nipitie basi saa kumi" jibu lako ni nitakupitia saa kumi na moja. Vitu vya kijani ndo vitasogea. Wengi wetu akina mama tumelelewa kwamba wakati wetu sisi ni wa kila mtu, yeyote akiutaka anachukua, na nadhani hapa ndo penye kazi kubwa ya kile kikao kuliko kupata nafasi yenyewe.

Ukimaliza karatasi kubwa anakupa kadi ndogo ya kuweka nyuma ya kava la simu. Unaandika sentensi moja: nikimaliza jambo fulani, nikiwa mahali fulani, nitafanya zoezi fulani. Yangu ya shifti ya mchana inasema nikishaswali alfajiri, nikiwa chumbani, navaa raba na kutoka. Nilidhani ni mambo ya kitoto nikaenda kusoma, kumbe kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, wa Milne, Orbell na Sheeran, walichukua wanafunzi 248 wa chuo wakawagawa makundi matatu. Kundi moja waliachwa hivo hivo, kundi la pili wakapewa maelezo ya kuwatia hamu, ugonjwa wa moyo unavyokuja na mazoezi yanavyosaidia, kundi la tatu wakapewa yale yale maelezo halafu wakaambiwa waandike ni siku gani, saa ngapi na wapi watafanya zoezi wiki inayofuata. Kundi la kwanza waliofanya ni asilimia 38, la pili 35, la tatu 91. Yaani kuhubiriwa peke yake hakukusogeza kitu, kilichosogeza ni kuandika saa na mahali. Nikakumbuka mahubiri yote tunayopewa ya sukari na presha, kila mahali tunatishwa, na hakuna anayetuuliza basi utafanya siku gani.

Hii ya kufunga zoezi kwenye swala nayo inafaa sana hapa kwetu kwa sababu nyingine. Malindi iko karibu na mstari wa ikweta, kama nyuzi tatu tu kusini, jua halichezi sana. Mwaka mzima linachomoza kati ya karibu saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo. Kwa hiyo alfajiri yako ya Januari na ya Julai hazipishani kwa kiasi cha kukuvunjia mpango. Wale wasioswali wanafunga kwenye kitu kingine, kuna kina dada wawili wanatoka Muyeye wao wamefunga kwenye kupeleka watoto shule, wakishawaacha getini hawarudi nyumbani wanakuja moja kwa moja darasa la asubuhi na raba wameshavaa tangu nyumbani.

Kitu cha pili nilichokipenda ni ile anayoiita ratiba ya chini. Kila mtu ana mpango wake wa kawaida na mpango mdogo wa siku mbaya, wa dakika kumi, unaofanyika nyumbani bila kifaa: skwoti, pushapu za ukutani, kupanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Kwa sisi wa mahoteli Disemba ni Disemba kweli, Wataliano wamejaa, watu wa Nairobi wamejaa, unaombwa uongeze masaa, na Agosti vilevile. Kocha anakuuliza mapema msimu wako wa kazi nyingi ni lini, anaandika kwenye kalenda ya mwaka, miezi hiyo anakuteremsha kwenye ratiba ya chini kabla hujachoka ukaacha. Halafu Aprili mpaka Juni mahoteli yakipoa na mvua ikinyesha anakupandisha. Mwezi wa Ramadhani anahamisha madarasa yote, kuna matembezi mepesi yanayoishia karibu na kufuturu na kuna darasa baada ya tarawehe, na unachagua moja, hakulazimishi.

Ukikosa, hakugombezi. Anapiga simu anauliza kitu kimoja tu, "kilisogezwa na nini?" Ukimwambia mgeni alikuja, anaandika. Ukimwambia mara ya pili mgeni alikuja siku ile ile saa ile ile, anakwambia basi saa hiyo si yako, tutafute nyingine. Mimi naona hii ni akili kubwa, saa inabadilishwa, mtu haambiwi mvivu. Na kukosa siku moja hakuharibu kitu, kuna utafiti wa London wa Phillippa Lally na wenzake wa mwaka 2010 kuhusu watu kuzoea jambo jipya, walipata wastani wa siku 66 mpaka kitu kifanyike chenyewe bila kujisukuma, ila watu walitofautiana sana kutoka siku 18 mpaka 254, na aliyeruka siku moja hakurudi nyuma kwa maana yoyote. Kwa hiyo wale wanaotangaza kwamba siku ishirini na moja zinatosha msiwasikilize, mtu anafika siku ya ishirini na mbili bado inamwia vigumu anadhani yeye ndo mbovu, kumbe bado yuko njiani tu.

Matembezi ya Jumapili sasa. Ni Silversands, mchangani, kuelekea Casuarina, na hapa ndo penye uhodari wake wa saa na ndo penye kasoro yake pia. Bahari haina Jumapili saa kumi na mbili. Maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, yanajaa karibu na saa kumi alfajiri na yanakupwa karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo ukifika na mapambazuko bado yako juu na mchanga uliobaki ni ule mlaini unaozama mguu, unaumiza visigino na vifundo kwa wale wazito. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, inakuwa kinyume, alfajiri yameondoka na mchanga mgumu uko wazi. Kocha anatoa karatasi ya mwezi mzima, Jumapili hii saa kumi na mbili, Jumapili ile saa moja na nusu, ile nyingine tunaanzia barabarani kwa lami, na watu wanajipanga mapema. Nilipomwonyesha mjomba wangu ambaye ni mvuvi aliitazama akasema huyu kijana kakaa na wazee. Isipokuwa kuna Jumapili moja alibadilisha saa usiku wa kuamkia siku yenyewe, ujumbe ukaingia watu washalala, tukafika tukasimama kusubiri maji yapungue na jua linapanda. Kama kazi yako ni kuwafundisha watu kuheshimu saa zao, saa usiibadilishe usiku.

Kasoro nyingine, manake hii ni rivyu na nataka mwende mkijua.

Darasa la jioni linaisha saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Februari hakuna tabu, magharibi inaingia baada yake. Lakini Novemba jua linazama saa kumi na mbili na dakika kama kumi na mbili, adhana inawakuta watu bado wako kwenye mkeka, wengine wanaondoka katikati wengine wanabaki wakiwa hawana raha. Mtu aliyepanga matembezi kwa kufuata maji anaweza kupanga darasa kwa kufuata jua, ni kulirudisha nyuma nusu saa tu kuanzia Aprili mpaka Disemba. Nimemwambia, amesema atalifikiria, na mimi naliandika hapa ili asilisahau.

Ile nyingine ni nzito zaidi. Karatasi za manila zinaning'inizwa ukutani ukumbini, kila mtu na yake na jina juu. Nia yake najua ni nzuri, watu watiane moyo. Lakini karatasi ile inaonyesha saa ngapi nyumba yako haina mtu, saa ngapi watoto wako peke yao, saa ngapi unapita njia gani alfajiri na giza bado lipo. Ukumbi ule unaingia yeyote, boda wanaingia kuomba maji, mafundi wanaingia. Hili si jambo la kuliacha. Mimi yangu nimeichukua na nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na nawaomba dada zangu mfanye hivo hivo mpaka atakapopata faili zenye kufuli. Mwambieni kwa heshima, anasikia.

Grupu la WhatsApp lina kelele mno. Vikumbusho vitatu kwa siku kwa watu wote, wa asubuhi anakumbushwa darasa la jioni, wa jioni anaamshwa saa kumi na moja, mwisho watu wanalizima lote na hata ujumbe wa maana haufiki. Makundi matatu madogo yangetosha.

Darasa la kina mama peke yao ni Jumatatu na Alhamisi saa nne tu. Wanaofanya kazi za ofisi na maduka hawawezi saa nne. Pa kubadilishia nguo ni chumba kimoja chenye pazia, kwa hiyo wengi tunakuja tumevaa ndani ya buibui tayari. Maji ya kuoga hakuna, kwa hiyo ukitoka pale kwenda kazini moja kwa moja panga pa kuogea. Mvua ya Mei ikipiga ile bati huwezi kumsikia Kocha anasema nini.

Na kwa vijana wa kunyanyua vitu vizito, pale si penu. Dumbeli kubwa iliyoko ni ya kilo kumi na tano. Kuna gym zenye mashine nzuri hapa Malindi na kule mtapata mnachotaka, ila kule ukishalipa hakuna mtu anayekuuliza utakuja siku gani, ni wewe na risiti yako. Alamu ya simu nayo nimeona watu wanaitegemea, inalia saa kumi na mbili mtu mikono iko kwenye unga, anaizima kwa kiwiko, kesho inalia tena, baada ya wiki hata haisikii. Alamu haijui leo umeingia shifti gani. Karatasi uliyoipanga mwenyewe Jumamosi inajua.

Wale mnaosema mia tano ya kikao ni ghali kwa sababu kupanga saa kila mtu anaweza nyumbani kwake, sikubaliani nanyi. Ni kweli karatasi ni karatasi, na penseli za rangi mtoto wako anazo. Unachokilipia ni mtu wa nje anayekuuliza "halafu?" bila kuchoka na bila kuwa ndugu yako. Mume akiniuliza baada ya kazi nafanya nini nitakasirika, Kocha akiniuliza najibu. Yule mama wa mahamri asingepata ile njia ya kwenda kwa miguu peke yake, na si kwamba hana akili, ana akili ya kuendesha biashara na nyumba kwa mtaji wa siku moja, ila aliyeko ndani ya siku haioni vizuri kama aliyekaa kando. Nilikutana naye majuzi njiani, kikapu begani, anakwenda mbio mbio sikuweza hata kumsimamisha tuongee, alinipungia tu.

Kwa jumla nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ataipata akizitoa zile karatasi ukutani na akilisogeza darasa la jioni kabla ya Novemba.

Anayetaka kwenda: vikao vya ratiba ni Jumamosi baada ya alasiri, mpigie kabla ya Ijumaa manake anachukua watu wanne tu kwa siku. Nenda na simu yenye chaji, na kama una shifti nenda na ratiba ya kazini hata ukiipiga picha, kama una watoto nenda ukijua saa zao za shule na madrasa. Raba usibebe siku hiyo. Na kina mama mnaofanya kazi maduka ya barabara ya Lamu, tukifika kumi tukamwandikia pamoja ameahidi kufungua darasa la kina mama saa kumi na robo jioni, mpaka sasa tuko sita, nitumieni ujumbe niwaongeze.